Tembo halimngoji mgema

Utomvu wa mnazi huanza kuchacha ungali juu ya mti. Mgema akishakata ncha ya karara na kufunga kibuyu chake, kila tone linaloanguka hukutana na hamira ya asili iliyokwisha kutua penye jeraha, imeletwa na nyuki, nzi na upepo, na kwa joto la mwambao wetu hamira hiyo haina haja ya kuamshwa. Tembo bichi ni tamu, lina sukari inayokaribia gramu 150 kwa lita. Baada ya saa chache limeshageuka rangi ya maziwa na povu linapanda. Likilala, lina ukali wa bia ya kawaida, asilimia 4 au 5, na likilala tena ulimi unaanza kuonja siki. Anayepika pombe ya nafaka nyumbani hukutana na uchachukaji uliopita kiasi siku moja moja, pengine kimea kimezidi au jua limekuwa kali mno. Mgema wa mnazi hukutana nao kila siku. Ninachotetea hapa ni kwamba historia ya tembo katika Pemba, na hasa katika visiwa vidogo vya magharibi kama Fundo, ni historia ya kazi ya kuushika uchachukaji huo: kuuchelewesha, kuukata kwa moto, kuuelekeza kwenye unga, au kuuacha ukimbie mpaka mwisho wake. Wanaoisimulia kama sura ya ulevi peke yake wanatupokonya sehemu kubwa ya elimu ya wazee wetu.

Tofauti na pombe za bara inafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayoonyesha uzito wa kazi yenyewe. Mpika mbege wa Kilimanjaro huchemsha ndizi zake, huziacha, huandaa kimea cha ulezi, kisha huvichanganya siku aliyoichagua yeye. Mpaka dakika ile ya kuchanganya, saa iko mikononi mwake. Mgema hana dakika hiyo. Anapofika juu ya mnazi kazi imeshaanza bila yeye, na anachoweza ni kuwahi tu. Ongeza juu yake jiografia ya Fundo, kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe kilichojinyoosha mbele ya Wete, pamoja na jirani zake Njao, Kokota na Uvinje. Cha kuuzwa Wete lazima kivuke maji, na kuvuka maji kwa chombo cha tanga ni kungoja upepo na kungoja maji yajae. Kwa samaki mkavu au nazi kuchelewa nusu siku si kitu. Kwa tembo, nusu siku ndiyo tofauti ya kitu kimoja na kingine. Tena ni tofauti yenye nguvu za kuonekana kwa macho: mpaka lita moja ya tembo ifikie ukali wa bia, imeshatoa gesi inayokaribia lita 20. Gesi hiyo ikikosa njia itaitafuta. Ndiyo maana mwenye kubeba dumu la tembo hulegeza kifuniko, na mwenye kibuyu huziba mdomo kwa kitu kinachopitisha hewa, makumbi au majani, hata kama anajua kwamba njiani povu litamwagika na kipimo kitapungua. Kupoteza kidogo kwa povu ni nafuu kuliko kupoteza chombo.

Ushahidi wa zamani ninaouamini zaidi juu ya namna kazi hii ilivyofanywa umetoka kwa msafiri ambaye hakuwa na haja yoyote ya kutusifu. Ibn Battuta alipita pwani yetu mnamo 1331, akashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na katika maelezo yake ya Dhofari, ng'ambo ya pili ya njia ileile ya kaskazi na kusi, aliandika kwa urefu jinsi asali ya mnazi inavyopatikana. Wagema, anasema, hupanda asubuhi na jioni. Hukata kikonyo kinachotoa matunda, wakabakiza urefu wa vidole viwili, na kufunga chungu kidogo. Mgema akirudi huja na vifuu viwili. Kimoja kina maji. Katika kile kitupu humimina utomvu uliokusanyika, na kwa maji ya kile kingine hukiosha kikonyo, kisha hukichonga kidogo na kukifunga tena. Utomvu ukiwa mwingi hupikwa mpaka uwe asali, na wafanyabiashara wa India, Yemen na China huinunua wakaenda nayo kwao kutengenezea halua. Hapo Ibn Battuta anaeleza mti wa biashara kubwa ya Bahari ya Hindi, na watu walioupanda mti huo Dhofari na Pemba walikuwa wakipokezana majahazi, maneno na ndoa. Sidai kwamba kila alichokiona kule kilifanyika vilevile Fundo. Nadai kwamba ufundi huo ulikuwa ni mali ya bahari nzima, na kwamba mwandishi makini wa karne ya 14 aliupata ukiwa umeshakomaa.

Hebu tukitazame kifuu kile cha maji. Wakati huo hakuna aliyejua hamira ni viumbe hai. Louis Pasteur aliithibitisha kazi ya vijidudu katika uchachukaji mwishoni mwa miaka ya 1850, na Emil Christian Hansen wa kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, alifanikiwa kuikuza hamira safi ya aina moja mwaka 1883. Lakini mgema anayeosha jeraha la karara na kulichonga upya anafanya jambo ambalo mtaalamu wa maabara angemshauri alifanye. Utando wa jana unaondoka, na pamoja nao kundi kubwa la hamira na bakteria waliokwisha kuzoea mahali pale. Kidonda kipya kinaanza karibu na sifuri. Kupanda mara mbili kwa siku kunakata muda nusu. Kibuyu nacho ni sehemu ya hesabu hiyohiyo, kwa sababu ukuta wake una vinyweleo, na mashapo yaliyobaki ndani ni mbegu ya uchachukaji wa kesho. Anayetaka tembo tamu hukisugua, hukisuuza na kukikausha. Anayetaka kali huyaacha mashapo yafanye kazi yao. Mahali pengine pa minazi wamepata dawa nyingine. India na Sri Lanka hupaka chokaa ndani ya chungu, na ukali wa chokaa humzuia mdudu. Ufilipino hutia gome la mkandaa, mkoko uleule unaoota kwenye ghuba za Pemba, ambao kwetu magome yake yaliuzwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Njia zilizoshika mizizi kwetu ni usafi, wepesi na moto, na zote tatu zinamtaka mtu awe macho.

Kilichozipa njia hizo uzito usio wa kawaida ni sheria ya dini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi wa mwambao, kitu ambacho kingi chake kinalevya hata kidogo chake ni haramu. Kwa hiyo utomvu mmoja, wa mnazi mmoja, hupita katika hukumu tatu kwa muda mfupi: asubuhi ni halali, jioni ni haramu, na ukiachwa ugeuke siki wenyewe, bila kutiwa kitu, unarudi kuwa halali pamoja na chombo chake. Mafakihi wa Kishafi wamelisisitiza sharti hilo la kutotia kitu. Natafakari maana yake kwa mtu wa Fundo mwenye kibuyu mkononi. Kwake yeye swali la povu limekuja kama swali la ibada: je, limefika? Halikuwa swali la nadharia, kwa sababu aliyetaka kumpa mtoto wake au mgeni wake tembo tamu ilimbidi ajue, kwa jicho, pua na ulimi, mpaka uko wapi. Jamii inayoishi na mpaka wa namna hiyo, tena ikausimamia kila siku, lazima ijenge watu wenye kuusoma uchachukaji kwa umakini ambao mnywaji wa kawaida hauhitaji.

Hapa nitaulizwa: kama ni dini iliyoamuru, basi ufundi una nafasi gani? Mtu alipika asali kwa kuwa aliogopa haramu, na kisa kimekwisha. Nakubali kwamba amri ilikuwa na nguvu, lakini haitoshi kueleza yaliyotokea. Dini inakataza kilevi. Haisemi upande mnazi saa ngapi wala uoshe kibuyu kwa namna gani. Isitoshe, njia rahisi ya kuepuka haramu ilikuwa kutogema kabisa na kuuacha mti uzae nazi. Kulikuwa na sababu nyingine ya kugema, na nadhani Duarte Barbosa anatuonyesha alama yake. Mreno huyo, aliyeandika mnamo 1518, anasema Pemba, Mafia na Unguja zina miwa mingi lakini wenyeji hawajui kutengeneza sukari. Huenda hakushuka mwenyewe visiwani na aliyachukua maneno ya mabaharia. Hata hivyo picha yake inaingia akilini: miwa inahitaji kinu, wanyama au watu wengi wa kukizungusha, na vyungu vikubwa. Mnazi unahitaji kotama, kibuyu, chungu kimoja na kuni. Mtu aliyetaka utamu wa kuweka akiba katika kisiwa kidogo alikuwa na nyuki, kama walikuwepo, na alikuwa na tembo. Anayesema kwamba wasiojua kupika maji ya miwa wasingejua kupika tembo anasahau kwamba sehemu ngumu ya sukari ya miwa ni kukamua, na mnazi hujikamua wenyewe.

Moto ndio mkono ulio mzito zaidi katika habari hii yote. Ukipandisha joto la tembo hadi kuchemka, hamira inakufa na saa inasimama. Baada ya hapo ni kupunguza maji, na maji ni mengi: ili kupata kilo moja ya asali nzito huhitajika lita tano hadi saba za tembo bichi, wakati mnazi mmoja mzuri hutoa lita moja au mbili kwa siku. Mpishi anakutana na povu kwa mara ya pili. Tembo linapokaribia kuchemka huinuka ghafla, jeupe, likafika ukingoni mwa chungu na kuzima kuni, na mwenye kupika hana budi kukaa na upawa mkononi, analikata na kulienga, analipunguzia moto, analirudisha. Wapika sukari ya mnazi wa Java hutupia nazi kidogo iliyokunwa ili mafuta yake yavunje povu, jambo ambalo mpishi yeyote wa mchuzi wa nazi atalielewa mara moja. Rangi hugeuka kutoka maziwa kwenda kahawia, mapovu yanakuwa mazito na ya polepole, na harufu ya moshi inaingia ndani ya utamu. Gharama ilikuwa kuni. Katika kisiwa cha matumbawe kama Fundo, ambako udongo ni haba na msitu wake ni vichaka, kila chungu cha asali kilikuwa ni mizigo ya kuni iliyokatwa na kubebwa. Watu hawatumii kuni namna hiyo kwa kitu wasichokithamini.

Kuna mahali pengine ambapo nguvu zilezile za tembo hazikuzuiwa hata kidogo, zikatafutwa. Kabla ya hamira ya dukani, kilichoumua unga wa mchele katika jiko la Mswahili kilikuwa mara nyingi tembo. Mkate wa kumimina na vibibi vinataka unga uliojaa hewa, na tembo lililokwisha kuchangamka lakini halijakaza ukali ndilo lililoleta hewa hiyo. Likizidi kuchacha, mkate unakuwa na ugwadu na kunusa. Mama anayechanganya unga alfajiri kwa tembo la jioni anafanya hesabu ya saa, joto na kiasi ambayo haina tofauti na hesabu ya mpika bia. Tena chombo chake kinampa jibu wazi: unga ukipanda mapema mno utashuka kabla ya kufika kikaangoni. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi ambao wasimulizi wa ulevi wameupuuza kuliko wowote, kwa kuwa uliwekwa jikoni na wanawake, na walioandika vitabu walikuwa wanaume waliokaa barazani.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka upande mwingine, nalo ni la haki. Tembo kali lilinywewa, tena sana, na Waislamu wakiwemo. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1872, anataja tembo na hata kinywaji kikali kilichokenekwa kutokana nalo. Mwaka huohuo wa 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mashamba yalijaa watumwa, na baada ya amri ya 1897 iliyoiondoa hadhi ya utumwa kisheria, vibarua kutoka bara na wachumaji wa msimu waliongezeka. Mtu anayelipwa kwa siku, mbali na kwao, hakuwa na sababu ya kungoja asali. Sikatai hata neno moja la hayo. Nasema tu kwamba hata mnywaji alitegemea ufundi uleule. Kati ya tembo ambalo bado ni tamu na lile lililoanza kuwa siki kuna dirisha la saa chache, na muuzaji aliyekosea akaleta mapema au akachelewa alipoteza wateja siku hiyohiyo. Methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji ingekosa maana pasingekuwa na wateja waliolipima kwa ulimi na kutoa sifa au lawama. Kukenekwa kwenyewe kulikuwa njia nyingine ya kusimamisha saa, kwa sababu kilevi kilichokenekwa hakichachi tena.

Serikali ya himaya, iliyosimamishwa mwaka 1890, ilikuja na jicho tofauti. Mwaka huohuo Mkataba wa Brussels uliwekea vikwazo uingizaji wa vileo vilivyokenekwa katika ukanda wa Afrika ulio kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini, na Fundo imo ndani yake, katika digrii ya tano kusini. Tembo lilibaki nje ya lengo hilo la mkataba, kwa kuwa halikuingia bandarini, liliota shambani. Lakini liligongana na hesabu nyingine. Mbata ilikuwa zao la pili la nje baada ya karafuu, na karara lililogemwa halizai nazi. Kwa afisa mwenye daftari la mapato, mnazi unaogemwa ulikuwa hasara mara mbili: mbata haipo na vibarua wamelewa. Daftari la namna hiyo halina safu ya asali, wala ya siki, wala ya mkate, kwa sababu vitu hivyo vililiwa nyumbani na havikulipiwa ushuru. Justin Willis, katika kitabu chake cha 2002 juu ya historia ya pombe Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi vita vya vileo katika enzi ya ukoloni vilivyokuwa pia vita vya nani amtawale nani. Kwa Pemba ningeongeza kwamba vita hivyo viliamua pia kipi kingeandikwa.

Atasema mtu wa mwisho kwamba mimi naisifu kupita kiasi kazi ambayo viwanda vimeshaitatua. Carl von Linde alitengeneza mashine zake za kupozea miaka ya 1870, watengenezaji bia ndio waliokuwa wateja wake wa mwanzo, na tangu hapo uchachukaji unaokimbia unapunguzwa kwa kugeuza swichi. Ni kweli, na kwa mnazi pia baridi inafanya kazi: katika jimbo la Kerala, India, utomvu mtamu usiolevya unakusanywa sasa kwa vyombo vyenye barafu na kuuzwa kama kinywaji halali. Ila baridi hiyo inahitaji umeme na barafu wakati wote, na mgema wa kisiwa kidogo hakuwa na hata kimoja. Kilichoiua asali ya tembo kwetu, nadhani, hakikuwa mashine ya baridi. Ilikuwa sukari ya miwa ya bei nafuu iliyofika kwa meli, pamoja na hamira kavu ya pakiti inayokaa rafuni miezi. Sukari iliondoa sababu ya kukata kuni na kukaa na upawa. Hamira ikaondoa sababu ya kumtuma mtoto kwa mgema alfajiri. Siki ya dukani ikachukua iliyobaki. Matumizi ya halali yakaanguka moja baada ya jingine, na ugema uliosalia ukawa wa wanywaji, wa kificho zaidi kadiri waheshimiwa walivyojitenga nao. Mtu aliyezaliwa Pemba baada ya mabadiliko hayo akiambiwa tembo hukumbuka kilevi tu, naye hakosei kuhusu alichokiona; anakosea pale anapodhani kwamba bibi yake alikiona hichohicho.